Kupiga picha ndege wakilisha makinda: tatizo liko wapi?

Mvua za vuli zikishakolea huku Arusha, bustani hujaa kelele za makinda. Shore wana watoto, kwezi wana watoto, kwera ndio usiseme. Kumbikumbi wakiruka jioni baada ya mvua, kesho yake alfajiri kila tawi lina mdomo uliofunguliwa. Ni msimu ninaousubiri mwaka mzima, na ndio msimu ninaoulizwa maswali mengi na wenzangu, kwa sababu mtu anatoka na kamera tangu saa kumi na mbili, anarudi na picha mia tano, na hakuna hata moja inayoonyesha mdudu akitoka mdomo huu kuingia ule.

Nimepanga maswali hayo kwa dalili. Anza na ile inayokusumbua. Neno moja tu kabla hujaanza: karibu matatizo yote haya hupungua ukiacha kumfukuzia mzazi kwa lenzi ukamtazama mtoto. Utaona neno hilo likirudi.

Na ninaposema kinda hapa nina maana ya aliyekwisha kutoka kiotoni: mkia mfupi, pembe za mdomo bado zina manjano, anaruka tawi hadi tawi kwa shida. Viota sipigi, wala sifundishi. Aliye kiotoni hawezi kukukimbia, na njia unayoikanyaga kwenda kumtazama ndiyo paka na kunguru watakayoifuata. Kinda aliyetoka ana angalau uwezo wa kuchagua akae umbali gani na wewe.

"Nimekaa saa nzima, mzazi haji"

Kabla ya kulaumu kitu kingine, mtafute mzazi yuko wapi na ana nini mdomoni.

Kama yuko mti wa pili, ana chakula mdomoni, anatoa sauti ileile fupi kali bila kukoma na kutikisa mkia, basi jibu unalo: amekuja kulisha na wewe umemzuia. Uko karibu mno. Ndege asiye na mtoto wa kulisha humeza mdudu wake akaendelea na safari. Anayemshikilia anasubiri uondoke.

Nilijifunza hili chini ya mforosadi, kwa shore wawili wenye makinda watatu. Nilijibanza hatua kama nane kutoka kwenye tawi lao, nikijiona nimetulia vizuri. Mama (au baba, shore hawatofautiki kwa macho) alitua kwenye waya wa kuanikia nguo akiwa na kiwavi wa kijani. Kiwavi alikuwa bado anajinyonganyonga. Dakika zikapita. Makinda wakanyamaza mmoja mmoja, wakajikunja manyoya, na kiwavi akaacha kujinyonga. Nilipojirudisha hadi barazani, hatua saba nyuma, hata sijakaa vizuri kwenye kigoda yule ndege alikuwa ameshalisha na ameondoka kutafuta kingine. Zile dakika zote zilikuwa njaa ya watoto wale, nami ndiye niliyeisababisha. Tangu hapo nina kanuni moja: mzazi mwenye chakula akikaa dakika kumi bila kuja, mimi ndiye ninayerudi nyuma, tena mbali, si hatua mbili za kujipa moyo.

Wakati mwingine umbali unatosha ila umesimama njiani. Wazazi wana mapito. Hufika kwa upande uleule, hutua kwanza kwenye kituo kimoja kukagua usalama, halafu ndipo huenda kwa mtoto. Ukikaa kati ya kituo na kinda, hata ukiwa mbali, umefunga mlango. Kwa hiyo siku ya kwanza acha kamera begani. Kaa mbali, hesabu milo mitatu: ametokea wapi, ametua wapi, ametokomea wapi. Ndipo uchague pa kukaa. Kaa chini au ujiegemeze kwenye ukuta au shina la mti, kwa maana kivuli cha mtu aliyesimama wima mbele ya anga ndicho kinachowatia hofu zaidi. Gari ni maficho mazuri kuliko mtu anavyofikiri. Zima injini, usifungue mlango.

Kuna na sababu isiyokuhusu. Makinda wakikua, wazazi hupunguza kulisha ili wajitafutie. Utamwona mzazi anatua na chakula mbali kidogo makusudi, mtoto anamfuata akilia, mzazi anasogea tena. Hapo usisubiri picha ya mdomo kwa mdomo. Piga ule msako wenyewe, una maisha kuliko unavyodhani.

Kuna watu hucheza sauti za ndege kwenye simu ili mzazi asogee. Tafadhali, usifanye hivyo wakati wa kulea. Unamwita mzazi aje kupigana na adui asiyekuwepo huku mtoto wake amebaki peke yake.

"Anakuja, lakini nikibonyeza nimekwisha chelewa"

Mlo mmoja huchukua muda wa kufumba na kufumbua. Ukingoja umwone mzazi kwenye kioo cha kamera ndipo ubonyeze, utapata mkia unaotoka kwenye fremu kila siku ya Mungu.

Mtazame kinda. Yeye humwona au humsikia mzazi kabla yako. Kwanza anaacha kujinyoosha manyoya. Anashusha mwili, anageuza kichwa upande mmoja na kukaza macho huko. Mabawa yanaanza kutetemeka, na kinywa kinafunguka. Kinywa kikifunguka, bonyeza. Ule upande alioukazia macho ndio upande mzazi anaotokea, kwa hiyo umeshajua pia uache nafasi upande gani wa fremu.

Ili hili liwezekane, fokasi iwe imekwisha kaa kwa kinda kabla ya tukio. Kamera nyingi zinaruhusu kuhamisha fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha nyuma, kile cha kidole gumba. Fanya hivyo. Unalenga jicho la mtoto, unaachia kidole gumba, fokasi inabaki pale. Mzazi akiingia, kamera haina nafasi ya kuhangaika ikimtafuta. Zile kamera mpya zinazojitafutia jicho la ndege zenyewe ni msaada mkubwa kwa ndege mmoja, lakini wakiwa wawili fokasi huruka kutoka jicho hili hadi lile, na mara nyingi humchagua asiyefaa. Wakati wa mlo mimi huuzima utafutaji huo.

Kama ulibonyeza mapema na bado umekosa, angalia kadi. Kamera ikipiga mfululizo kwa RAW (picha ghafi, faili zake ni kubwa) hujaza akiba yake ya ndani, halafu inasimama kungoja kadi inywe. Wengi humaliza akiba wakati mzazi bado yuko hewani. Piga mafungu mafupi, au nunua kadi yenye kasi zaidi, au ukubali JPEG (picha zilizobanwa, faili ndogo) kwa asubuhi hiyo. Kamera yako ikiwa na uwezo wa kuhifadhi picha za nusu sekunde kabla hujabonyeza, hapa ndipo mahali pake.

Kwa mdiria yule wa madoa meusi na meupe, anayeonekana Naivasha, Ziwa Victoria na maziwa mengine mengi, kuna dalili ya ziada ninayoipenda sana. Akimshika samaki kichwa kikielekea nje, mbele ya mdomo, samaki huyo ni wa kupewa mwingine, ili apokelewe na kumezwa kichwa kwanza bila mapezi kukwama kooni. Akimshika kichwa kikielekea kooni kwake mwenyewe, anakula yeye. Ukiona kichwa nje, acha kila kitu ugeukie kwa watoto. Na ukitaka kujua ni baba au mama aliyeleta, hesabu mikanda meusi kifuani: dume ana miwili, jike mmoja.

"Mmoja yuko wazi, mwingine ana ukungu"

Hapa watu hununua lenzi mpya bila sababu. Fungua picha, uikuze, utazame tawi chini ya miguu ya yule mwenye ukungu.

Tawi nalo likiwa na ukungu, tatizo ni kina cha fokasi, yaani urefu wa eneo linaloonekana wazi kutoka mbele kwenda nyuma. Tawi likiwa wazi na ndege ndiye aliyefifia, basi ndege alitikisika, na hilo lina sehemu yake hapo chini.

Kina cha fokasi ni kifupi kuliko watu wanavyokisia. Chukua lenzi ya milimita 500 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), ndege yuko mita 8, tundu la lenzi ni f/5.6 (namba ikikua, tundu linapungua). Eneo lililo wazi, mbele mpaka nyuma, ni kama sentimita 8 au 9 hivi. Ukifunga hadi f/8 unapata kama 12, f/11 kama 17. Kwa kamera za kihisi kidogo, ukiwa na lenzi ileile na umbali uleule, ni pungufu zaidi. Sasa mfikirie mzazi aliyetua nyuma ya mtoto kwa upana wa kiganja. Kwa f/5.6 huna picha, hata ungekuwa fundi kiasi gani.

Kufunga tundu hadi f/8 au f/11 ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni miguu yako. Tawi likielekea kwako, ndege wawili lazima wawe umbali tofauti. Zunguka taratibu mpaka tawi likae mbele yako kama ubao wa dukani, kushoto kwenda kulia, na hapo hata f/6.3 inaweza kutosha. Zunguka wakati wazazi hawapo.

Na kama lazima mmoja apotee? Okoa jicho la mtoto. Mzazi mwenye ukungu kidogo bado anasomeka kuwa mzazi. Mtoto akiwa na ukungu, hakuna kilichobaki cha kutazama. Kwa kwezi wa tumbo la rangi ya kutu lazima uangalie zaidi, kwa sababu jicho la mkubwa ni jeupe na hung'aa hata gizani, lakini la kinda ni la kahawia nzito na huzama ndani ya manyoya meusi ya kichwa. Tafuta pembe ambayo anga inaacha nukta ya mwanga ndani ya jicho hilo. Nukta hiyo ikikosekana, kinda huonekana kama kinyago.

"Tawi liko wazi, ndege wametikisika"

Kitulizi cha lenzi kinatuliza mkono wako. Mabawa ya kinda mwenye njaa hakiwezi kuyatuliza, na ni mabawa hayo yanayotikisa mwili mzima mpaka kichwa.

Kwa uzoefu wangu, kasi ya 1/1600 ya sekunde hushika vichwa, na 1/2500 hushika hata ncha za mabawa. Kwenye mawingu ya mvua hiyo ina maana ya kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, wakati mwingine 6400. Pandisha. Chembechembe kwenye picha hupunguzika baadaye kwa programu, ila kichwa kilichotikisika hakirekebishwi na kitu chochote. Wengi wanaoniletea picha za 1/400 waliogopa ISO, basi.

Mimi binafsi napenda picha ambayo vichwa vimetulia na mabawa ya mtoto yamekuwa moshi, kwa sababu mtu akiiona anasikia njaa yake. Hiyo huja kwenye 1/500 au 1/640, kwa bahati, moja kati ya nyingi. Jaribu baada ya kuwa na akiba ya picha safi.

"Rangi mbaya: weupe umeungua, au wote ni kivuli"

Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Jua letu hupanda haraka. Kufika saa nne manyoya ya bluu ya kwezi yanameremeta mpaka yanageuka mabaka meupe yasiyo na rangi, na chini ya kidari ni giza. Siku ya mawingu unaweza kupiga mchana kutwa.

Mdiria kwenye jua: punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu), vinginevyo tumbo lake linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu, na halirudi. Shore kwenye kivuli cha majani, anga likiwa nyuma: ongeza stopu moja au zaidi, acha anga liungue. Kijani cha majani kikiwapaka ndege, kipunguze wakati wa kuhariri, kazi ya dakika moja.

Flashi kwa makinda situmii. Sioni picha inayostahili.

"Kila mara napata migongo"

Upepo. Ndege hutua akiukabili upepo, na waliokaa kwenye waya nao huugeukia ili manyoya yasifumuliwe. Kaa upepo ukikupiga mgongoni, nao watakuwa wakikutazama.

Kwa mbayuwayu hili ni kila kitu. Makinda wao hupangana kwenye waya au ukingo wa paa, na mzazi mara nyingi hata hatui. Husimama hewani mbele ya mtoto, anaingiza mdudu kinywani, anaondoka. Upepo ukiwa mgongoni mwako na jua nalo nyuma yako, una vinywa vilivyo wazi vinavyokuelekea na mzazi anayeonekana vizuri ubavuni. Siku ambayo upepo na jua vinapingana, chagua upepo, halafu uongeze mwanga.

"Vijiti na majani mbele"

Usikate. Jani hilo ndilo linalomficha kinda asionwe na mwewe. Sogea wewe, au shuka, mara nyingi sentimita ishirini zinatosha. Makinda hawakai tawi moja siku nzima, ngoja wahame.

"Nina simu tu"

Usimkaribie ndege ili kufidia lenzi usiyokuwa nayo. Tafuta mahali ambapo ndege wamekwisha wazoea watu: ua wa nyumba, hoteli zenye nyasi fupi ambako kwezi hulisha watoto wao katikati ya meza, stendi za magari zenye mbayuwayu darini. Iweke simu kwenye kistendi au iegemeze kwenye kopo karibu na mahali wanapopita, washa video ya fremu 60 kwa sekunde, uondoke. Ndege huzoea kitu kisichosogea upesi kuliko mtu. Kisha uchomoe fremu unayoitaka. Mwenye darubini anaweza kubana simu kwenye kioo chake cha nyuma. Si rahisi kushika, lakini nimeona picha nzuri sana zilizopigwa hivyo.

"Mtoto hafanani kabisa na mzazi," au "wanaolisha ni wanne"

Kabla hujadhani umekosea, tazama mdomo. Kinda mwenye mdomo mwekundu anayelishwa na kwera ni mtoto wa kekeo, yule mdogo anayeng'aa kijani, ambaye dume lake huita mvua zote "dii-dii-dii-didriki". Jike alitaga kwenye kiota cha kwera, na kinda wake alipoanguliwa aliwasukuma nje wenzake au mayai yao. Sasa amebaki yeye, ana sauti ya watoto wote kwa pamoja, na kwera anahangaika tangu alfajiri. Usimwingilie. Ni picha adimu: kaa nayo siku nzima ukiweza, na chini yake uandike majina ya wote wawili, maana asiyejua atasema umechanganya picha.

Kwezi wanne au watano kwa kinda mmoja nalo si kosa la macho. Kwezi hawa wa tumbo la kutu wanaishi kwa ukoo, na ndugu wasiotaga mwaka huo husaidia kulisha. Huko Mpala, kituo cha utafiti cha Laikipia, Kenya, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia kwa jambo hilo tangu 2001. Kwa mpiga picha maana yake ni mbili: milo ni mingi, kwa hiyo usikate tamaa kwa kukosa mmoja, na usiandike "mama na mwanawe" kwa sababu tu mmoja ni mkubwa. Andika "mkubwa akimlisha kinda".

"Kinda yuko chini, analia, wazazi siwaoni"

Weka kamera chini kwanza.

Kama ana manyoya na anarukaruka, hakuanguka. Ndivyo wanavyotoka, na wengi hukaa chini siku moja mbili kabla mabawa hayajakaza. Wazazi wanajua alipo. Wanakuogopa wewe. Usimpeleke nyumbani, usimpe maji kwa kijiko, usimpe mkate.

Akiwa barabarani, au paka yuko uani, mshike kwa mikono miwili bila kumbana, umweke kwenye tawi la karibu lenye majani, juu ya kimo cha paka. Ile habari kwamba mzazi humtupa mtoto akinusa mkono wa mtu isikuzuie, si kweli. Mfungie paka ndani. Mijini, hasa Dar na Mombasa, angalia pia juu: kunguru wale wa shingo ya kijivu, waliletwa Zanzibar tangu karne ya 19, wanajua kusoma kundi la watu waliokusanyika chini ya mti, na wakiona mnatazama kitu watakuja kukitazama nao. Watawanye wenzako.

Kisha rudi mbali kabisa, barazani au ndani, utazame kupitia dirishani kwa saa moja. Mabawa yakianza kutetemeka na kinywa kikifunguka kuelekea upande mmoja, mzazi amefika. Hapo, ukipenda, inua kamera.